Kabla ya kuandika minSdk, tazama simu ya karani

Juzi dogo mmoja hapa Mwanjelwa kaniambia kwa furaha, "Kaka, kwenye programu yangu ya Bluetooth nimeweka minSdk 31, kero ya ruhusa ya lokesheni imekwisha." minSdk ni toleo la chini kabisa la Android ambalo programu inakubali, na 31 ni Android 12. Nikamuuliza simu ya mama yake ni Android ngapi. Akaangalia chini. Ni 9. Haya, kaeni niwaambie, maana kila mwaka ni yaleyale.

1. Nyaraka zitakwambia BLE, Bluetooth inayokula chaji kidogo, ilikuja na Android 4.3, API 18 (API ni namba ya toleo inayoandikwa kwenye minSdk), mwaka 2013. Usiinakili hiyo namba ukalala. Mimi niliinakili.

Ilikuwa programu ya vituo vya kununulia majani ya chai Rungwe: mzani unapima, simu inapokea kilo kwa Bluetooth. Kwenye simu yangu ya 5.1 mzani ulionekana kabla sijaketi. Siku ya kwanza kituoni mvua inanyesha, foleni imefika barabarani, karani kanipa simu yake, Android 7. Nabonyeza "Tafuta". Orodha tupu, wala hakuna ujumbe wa kosa. Taa ya mzani inawaka buluu, kama inanikonyeza. Nikalaumu betri, kijana akatumwa dukani. Nikalaumu mvua. Bibi mmoja mwenye gunia lake akasogea: "Mwanangu, simu inatafuta nini, na mzani si huu hapa?" Karani, bila neno, akatoa daftari na kalamu.

Usiku Mbeya ndipo nikaelewa. Kuanzia Android 6, skani, yaani kutafuta vifaa vya Bluetooth, haileti kitu bila ruhusa ya lokesheni, na swichi yenyewe ya lokesheni lazima iwe imewashwa. Ruhusa niliomba, swichi sikuikagua, na karani huizima kutunza chaji. Tena kuna wakati aliiwasha, maskini, akijaribu kila kitu! Ila kuanzia 7, ukianzisha skani zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 30 mfumo unakunyima matokeo kimyakimya, na kidole changu kilikuwa kinabisha hodi kama mgambo.

2. Nyumba zangu za minSdk sasa ni mbili: 21 (Android 5), kwa sababu BluetoothLeScanner, kitafutaji cha BLE, inaanzia hapo, au 26 (Android 8) kama simu zote za kituo zinafika, maana hapo unapata CompanionDeviceManager, ambayo mfumo wenyewe unamtafutia mtumiaji kifaa bila programu kuomba ruhusa ya lokesheni. Kuhesabu simu za kituo ni kazi ya asubuhi moja, na chai utapewa.

3. Kwa Android 12 kwenda juu omba ruhusa za BLUETOOTH_SCAN na BLUETOOTH_CONNECT, weka neverForLocation, yaani ahadi kwamba skani haitumiki kujua mtu alipo. Ruhusa za zamani zikomee maxSdkVersion 30, yaani Android 11. Dogo, ulichokitaka kinapatikana bila kumfungia mama yako mlango.

4. iPhone: kuanzia iOS 13, ukisahau NSBluetoothAlwaysUsageDescription, maelezo ya kwa nini unataka Bluetooth, programu inaanguka hapohapo. Afadhali hiyo inapiga kelele.

5. Target, toleo ulilolijengea programu, si minimum, toleo la chini unalolikubali. Nimeshasema mara ngapi?

Dogo kesho anapanda Costa na mimi kwenda Tukuyu. Nimemwambia abebe koti la mvua na simu ya mama yake.