Kabla hujanunua beringi za konrodi

Mara ya kwanza kufunga beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini), kazi niliiharibia kwenye ndoo ya petroli. Corolla yangu, injini ya 4A-FE, ilikuwa inagonga kila nikikanyaga mafuta. Nikashusha sampu, lile beseni la oili chini ya injini, nikatoa kepu zote nne, yaani vifuniko vya chini vya konrodi, na kuzitumbukiza pamoja nizioshe. Zilitoka zinang'aa, ila sikujua tena ipi ni ya silinda ipi. Nikafunga kwa kubahatisha. Nilipokaza ya tatu, krenki ikagoma kuzunguka.

Konrodi na kepu yake huchongwa tundu zikiwa zimeshikana, hivyo ya silinda ya pili haikai sawasawa kwenye ya tatu. Siku hizi sigusi nati kabla ya kutia namba kwa rangi na kuangalia alama ya kepu inayotazama mbele ya injini.

Kosa la pili ndilo lililonila hela. Nilinunua beringi za standadi, yaani za saizi ya kiwandani, bila kupima chochote, na baada ya wiki mbili mlio wa kugonga ukarudi uleule. Shingo ya krenki, pale beringi inapokaa, ilikuwa imelika upande mmoja, imekuwa na umbo la yai. Hapo beringi mpya haisaidii kitu. Pima kila shingo kwa maikromita, mara mbili kwa kukingamana. Vipimo vikipishana, au ukucha ukikwama kwenye michirizi, krenki ikasagwe kwanza, kisha ndiyo ununue beringi nene zaidi, za krenki iliyosagwa milimita 0.25. Hata hizo standadi, Toyota walizigawa kwa namba 1, 2 na 3 kufuata namba iliyogongwa kwenye kepu. Muuza spea akisema "zote sawa tu", hama duka.

Ukishapata beringi, tumia plastigeji, kile kiuzi laini cha kupimia nafasi kati ya beringi na shingo. Kilaze juu ya shingo kavu, funga kepu kwa toki (nguvu ya kukaza) kamili, usizungushe krenki, kisha fungua ulinganishe upana wake na kipimo cha kwenye karatasi yake. Kwa 4A-FE, nafasi ya milimita 0.02 hadi 0.05 ni nzuri. Ikipita 0.08, hapo pamekwisha.

Mgongo wa beringi ukae mkavu kabisa. Oili ni ya upande wa ndani tu. Nimeona mafundi wakipaka grisi nyuma ili beringi isidondoke wakati wa kufunga. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Bolti za konrodi zivishe vipande vya mpira wa petroli zisikwaruze shingo. Kaza nati kwa kupishana, kidogo kidogo, mpaka Nm 49. Usinakili kipimo hiki kwenye injini ya 7A-FE, yenyewe humaliziwa kwa kuzungusha nyuzi 90. Kila kepu ikikazwa, zungusha krenki kwa mkono. Ikiwa nzito ghafla, mkosaji ni kepu uliyomaliza kukaza.

Kabla ya kurudisha sampu, tazama chujio la pampu ya oili. Langu lilikuwa limezibwa na uchafu mzito kama lami, na nadhani hapo ndipo ugonjwa wote ulipoanzia. Mwisho chomoa waya wa distribyuta, upige stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Taa isipozima, usiwashe.