Fujo za Julai Huzuiwa Januari

Mwalimu mwenzetu, ukikabidhiwa ushauri nasaha katika shule ya bweni hapa Kenya, anza na kalenda. Migomo na moto huzuka zaidi muhula wa pili, mitihani ya majaribio inapokaribia. Ukisubiri Juni umechelewa.

Sanduku la maoni ndilo huharibiwa zaidi. Hutundikwa mlangoni pa naibu wa mwalimu mkuu, na ufunguo anao naibu huyo huyo. Nani atatia karatasi humo? Litundike kwenye njia ya bwalo, wanapopita wengi. Ufunguo ukae nao wewe. Lifungue mara mbili kwa wiki mbele ya mwakilishi wa wanafunzi, andika kila lalamiko daftarini, na gwaride la Ijumaa yajibiwe yote, hata ambayo jibu lake ni "haiwezekani, na sababu ni hii". Usilinganishe miandiko ili umpate aliyeandika. Ukithubutu mara moja tu, sanduku limekufa, na maoni yatahamia kuta za vyoo. (Kuta hizo nazo zisome kabla hazijapakwa rangi.)

Mengi yatahusu chakula na viranja. Viranja wapigiwe kura na wanafunzi, na wasiwe na ruhusa ya kuadhibu. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, kwa hiyo kiranja anayemchapa mono (mwanafunzi mgeni) anatenda alichokatazwa hata mwalimu. Tena mono huyo hungoja zamu yake, awalipizie wageni wa mwaka ujao. Wiki mbili za kwanza, kaa na wageni wanane wanane, kiranja asiwepo.

Dalili zenyewe hazifichiki: masanduku yanatolewa bwenini, watu wanalala na viatu, bwalo linasusiwa, petroli inanuka. Hapo usiitishe mkutano wa vitisho, maana ndio huwasha kilichokuwa kinafuka. Mwarifu mwalimu mkuu, walimu wa zamu waongezwe usiku huo huo, kisha wasikilize wanafunzi darasa moja moja.

Na mlango wa bweni usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Katika moto wa bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, walikufa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Pima mwenyewe kwa futi kamba kila muhula unapofunguliwa, kwani wanafunzi wakiongezwa, nafasi hiyo ndiyo huliwa kwanza.