Nilianza na rangi, nikajuta: nilivyouza nyumba yangu Jinja, Uganda

Ndugu, umeuliza hivi: nyumba yako ya Bugembe ina miaka 12 bila kuguswa na unataka kuiuza, sasa upake rangi kwanza au uiuze ilivyo? Mimi niliuza yangu upande wa Mafubira. Nilianza na rangi, na ndilo kosa lililoniumiza.

Dalali aliniambia wateja wanatazama uso wa nyumba. Mwezi wa tatu nikaita fundi, akapiga mikono miwili ya rangi ya krimu, nyumba ikang'aa mpaka majirani wakapita kunipongeza. Mwezi wa nne mvua ikakolea. Mteja wa kwanza mwenye pesa za kweli akaja asubuhi, usiku kucha ilikuwa imenyesha. Rangi hakuitazama hata kidogo. Aliinama chini ya dirisha la chumba cha watoto, akaweka kiganja ukutani, akakwangua kwa kucha. Rangi ikabanduka kama ganda la yai, nyuma yake plasta imelainika, ina unga mweupe wa chumvi. "Mzee, unaficha nini hapa?" Nilikuwa sifichi kitu, lakini wewe ungeniamini? Alipunguza milioni 15 papo hapo. Nikakataa, naye hakurudi.

Chanzo kilikuwa cha aibu. Gata limeziba kwa majani ya mwembe, maji yanafurika na kupiga chini ya ukuta. Halafu mama watoto alikuwa amepanda maua kando ya ukuta huo, na kila mwaka tunaongeza udongo, mpaka ukapita ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Matofali yetu ya kuchoma yananyonya maji, basi unyevu ulipanda kupitia udongo kana kwamba karatasi haipo.

Nilizibua gata, nikaweka bomba la kupeleka maji mbali, nikachimba udongo ukashuka, maua yakahamia penye uzio (hilo lilinigharimu maneno mengi nyumbani). Kuzunguka nyumba nikamwaga zege la upana wa hatua moja, lenye mteremko wa kutoka ukutani. Plasta iliyooza tukaibomoa. Kisha nikangoja, na hapo ndipo watu wanaposhindwa, maana fundi anataka kupiga plasta kesho alipwe. Niliuacha ukuta wazi ukauke, plasta mpya nikapiga Desemba, rangi Februari, kabla mvua hazijarudi. Nilipaka upande ule tu.

Kwenye paa, panda darini mwenyewe saa sita mchana bila tochi. Tundu la msumari uliolegea litajionyesha kwa mwanga. Ukishamaliza hayo, washa tochi utazame mbao. Ukiona njia za udongo za mchwa usizifute tu na kunyamaza. Mnunuzi wa hapa anazijua tangu utotoni, atabonyeza mbao kwa kisu. Tia dawa, badilisha mbao iliyoliwa, umwonyeshe. Bomba linalovuja, kitasa kinachokwama, shimo la choo lililojaa: hayo ni kazi ya wiki moja. Vigae vipya vya jikoni sikuweka na sikushauri. Anayenunua ana mke mwenye macho yake, watavibomoa.

Wakati ukuta unakauka, shughulikia karatasi za umiliki. Fanya utafutaji wa hati yako kwenye ofisi ya ardhi kabla mteja hajafanya, ujue kama jina ni lako au bado ni la marehemu mzee. Kama familia inaishi hapo, sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mke au mume. Mimi nilichukua ya mama watoto kwa maandishi. Tafuta mawe ya mpaka pia. Langu moja lilikuwa chini ya uzio wa jirani, na tulilimaliza kwa chai na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Lingeonekana mbele ya mpima wa mteja, biashara ingekufa siku hiyo.

Aliyenunua alikuja na fundi wake kutoka Busia. Akaenda moja kwa moja chini ya dirisha lile lile, akakwangua, akatazama ukucha wake, akanyamaza. Bei haikushuka hata shilingi. Mlango wa mbele nilikuwa nimesahau kuupaka, na hakuna aliyeuliza.