Maswali ya Wasomaji: Kiangazi Katika Maabara ya Ughaibuni

Barua nyingi tulizopokea mara hii zimetoka kwa wanafunzi wa uhandisi wanaotaka kwenda nchi nyingine kushiriki utafiti kati ya Juni na Septemba. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Niko mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo. Nataka kuomba nafasi ya kiangazi kijacho. Nianze lini, na nianzie wapi?

Anza miezi tisa au kumi kabla ya safari. Kabla hujaandika neno lolote, soma masharti ya nani anaruhusiwa kuomba, maana hapo ndipo wengi hupoteza muda wao bure. Programu ya REU ya Marekani, ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida huchukua wiki 10, hulipiwa na NSF (shirika la serikali linalofadhili sayansi) kwa ajili ya raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Vituo vichache hupokea wageni kwa fedha kutoka kwingine, lakini itakubidi uulize kituo chenyewe. RISE Germany, programu ya kwenda Ujerumani inayosimamiwa na DAAD (shirika la nchi hiyo la kubadilishana wanafunzi na wasomi), ni ya wanaosoma katika vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. Globalink, programu ya shirika la Mitacs nchini Kanada, ya wiki 12, huchukua wanafunzi wa nchi zilizo kwenye orodha yake tu, na orodha hiyo hubadilika. Maombi yake hufungwa mnamo Septemba ya mwaka unaotangulia, wakati wengine ndio kwanza wanaanza kuulizia.

Zipo zinazopokea watu wa uraia wowote. KAUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Saudi Arabia, ina programu ya VSRP ya utafiti kwa wanafunzi wageni, ya miezi 3 hadi 6, na maombi yake hupokelewa mwaka mzima. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, hupokea hata wanafunzi wa nchi zisizo wanachama, kwa wiki 8 hadi 13, na maombi hufungwa karibu na mwisho wa Januari. Hata hivyo ni lazima uwe umekamilisha walau miaka 3 ya chuo ifikapo kiangazi, hivyo wewe subiri mwaka mmoja zaidi. SURF, programu ya kiangazi ya chuo kikuu cha Caltech nchini Marekani, wiki 10, ina utaratibu wake: mwombaji hutafuta kwanza msimamizi pale chuoni, kisha huandaa pendekezo la utafiti kwa kushauriana naye. Maombi hufungwa Februari, kwa hiyo anayeanza kumtafuta msimamizi mwishoni mwa Januari amekwisha kuchelewa.

Angalia pia saa. Saa 5:59 usiku iliyoandikwa kwenye tangazo ni ya huko kwa wenyeji, na mitandao ya maombi huelemewa siku ya mwisho. Tuma siku mbili kabla.

Nimewaandikia maprofesa zaidi ya sitini. Wawili wamenijibu, wote kwa kukataa. Nimewaambatishia barua ninayotuma. Kosa liko wapi?

Barua yako ina maneno 420, na jina la mada yao ya utafiti halimo popote. Inaanza kwa “Profesa Mheshimiwa”, inaeleza ndoto zako tangu utotoni, kisha inauliza kama kuna nafasi yoyote. Anayepokea barua kama hiyo anajua kwamba wengine wengi wamepata ileile.

Jiweke kwenye kiti chake. Kukupokea kunamgharimu: barua ya mwaliko, meza, mafunzo ya usalama, na saa nyingi za mwanafunzi wake wa uzamivu ambaye ndiye atakayekuwa nawe kila siku. Halafu muda wenyewe ni mfupi. Katika wiki 10, mbili za kwanza huishia kwenye usajili, mafunzo ya usalama na ruhusa ya kutumia mashine. Ya mwisho ni ya bango na ripoti. Zinabaki saba. Kifaa kikiagizwa na kuchelewa wiki nne, mradi umekufa. Kwa hiyo anachotafuta katika barua yako ni kitu kimoja: je, huyu ataweza kumaliza kipande kidogo cha kazi yetu kwa wiki saba bila kushikwa mkono kila saa?

Jibu swali hilo kwa maneno 150 hadi 200. Soma makala tatu za karibuni za kundi lake, hasa sehemu ya mbinu na aya za mwisho zinazotaja kilichobaki. Soma pia tasnifu za uzamivu zilizotoka kwenye maabara hiyo. Nyingi huwekwa wazi mtandaoni, na humo ndimo huelezwa kwa kirefu vipimo vilivyosumbua, mambo ambayo makala fupi huyaruka. Kisha andika kwa mpangilio huu: wewe ni nani na uko mwaka gani (sentensi moja), jambo gani mahususi katika kazi yao limekugusa (mbili), umewahi kufanya nini kinachokaribiana nalo (mbili au tatu), ungependa kuja tarehe zipi na nani atalipa, na ombi lililo wazi.

Sehemu ya “umefanya nini” ndiyo inayobeba barua nzima. Uliandika: “Nina uzoefu mzuri wa kupima joto na napenda sana vihisi.” Linganisha na hii: “Nilipima upotevu wa joto kwenye bomba kwa themokapo (vihisi vya joto) nne na kuandika programu ya Python ya kusoma vipimo kila sekunde 10. Hesabu na vipimo vilipishana kwa asilimia 12 kwa sababu ncha mbili zilikuwa zikigusa hewa badala ya ukuta wa bomba. Nilipozibana upya, tofauti ilishuka.” Huyu wa pili tayari ni mtu wa maabara. Ametaja kosa na chanzo chake, na hilo lina uzito kuliko sifa kumi.

Chagua watu wanane au kumi, kila mmoja na barua yake. Usiwaandikie wawili wa idara moja kwa wakati mmoja, kwani huzungumza. Kwenye mada ya barua pepe andika kitu kama “Ombi la utafiti, Juni hadi Agosti: uigaji wa joto kwenye betri”, wala si “Ombi” peke yake. Ambatisha faili moja ya PDF yenye wasifu wa ukurasa mmoja na matokeo yako, isizidi megabaiti 2, na jina lako liwe kwenye jina la faili. Asipojibu kwa siku 14, kumbusha mara moja kwa mistari mitatu, kisha achana naye. Kama makala inaonyesha kwamba mwandishi wa kwanza ni mtafiti kijana wa kundi hilo, mwandikie yeye. Mara nyingi ndiye mwenye kazi inayohitaji mkono, naye humshawishi profesa kwa urahisi kuliko wewe.

Wastani wangu ni 3.1 kati ya 4. Nijaribu?

Ndiyo, ila si kila mahali. VSRP ya KAUST huweka kiwango cha chini cha 3.5, na huko usipoteze muda. Kwingine hakuna mstari rasmi, nao huangalia masomo yanayohusu mradi. Kama somo la mitambo ya vimiminika umepata A, litaje. Usijibadilishie alama kwa vipimo vya nchi nyingine. Weka alama kama zilivyo pamoja na ukurasa wa chuo unaoeleza maana yake. Muhula mmoja ukiwa umeharibika kwa ugonjwa, sentensi moja inatosha.

Mhadhiri wangu amekubali kuniandikia barua ya mapendekezo, lakini anasema niiandike mwenyewe, yeye atasaini. Ni sawa?

Tunakushauri ukatae kwa adabu. Wasomaji wa maombi hutambua upesi barua na maelezo binafsi yaliyotoka kwenye kalamu moja, na programu nyingi zinataka barua ya siri. Badala yake mpelekee karatasi moja ya kumrahisishia kazi: somo alilokufundisha na mwaka, alama uliyopata, mradi ulioufanya mbele yake, matatizo mawili uliyoyatatua, kiungo cha programu na tarehe ya mwisho. Mpe wiki 4 hadi 6.

Mhadhiri aliyekusimamia kwenye maabara anafaa kuliko mkuu wa kitivo asiyekujua kwa sura. Muulize pia anwani yake ya barua pepe ya chuo. Mifumo ya maombi humtumia mwandishi wa barua ya mapendekezo kiungo moja kwa moja, na baadhi hukataa anwani za bure. Kiungo kikienda kwenye kapu la barua taka, ombi lako hubaki pungufu bila wewe kujua. Ingia kwenye mfumo siku saba kabla ya mwisho uone kama barua imefika.

Nimepata nafasi! Naomba maelekezo ya viza, na je, nahitaji pesa kiasi gani mkononi?

Hongera sana. Kwa Marekani, viza ya J-1, ya programu za kubadilishana, ndiyo ya kawaida. Chuo kinachokupokea hukupa fomu DS-2019, inayokuruhusu kuomba viza hiyo, na ukiingia kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mpango wa mafunzo huandikwa kwenye DS-7002. Unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa aina hii) ya dola 220, unajaza DS-160, fomu ya maombi ya viza, kisha usaili ubalozini. Sheria inadai bima ya matibabu ya walau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, viza ya muda mfupi ni siku 90 ndani ya siku 180, na bima isipungue euro 30,000. Wiki 12 ni siku 84, kwa hiyo siku zinatosha. Lakini ukilipwa posho, baadhi ya nchi hudai viza ya nchi hiyo yenyewe au kibali hata kwa muda huo. Waulize wenyeji wako kwa maandishi, na usilipie tiketi isiyorejeshwa kabla ya viza kutoka.

Pesa ni jambo ambalo wengi hawalioni hadi wafike. Posho kwa kawaida hulipwa mwisho wa mwezi, na akaunti ya benki ya huko inaweza kuchukua wiki mbili au tatu kufunguliwa. Wakati huohuo mwenye nyumba anadai kodi ya mwezi wa kwanza na amana. Kabla ya kusaini mkataba, uliza mambo matatu: posho ya kwanza inalipwa tarehe gani, inaweza kutangulizwa au kulipwa kwa kadi, na nauli unarudishiwa au tiketi wanakukatia wao. Wakisema unarudishiwa, maana yake wewe ndiye unayelipa kwanza, na huenda ukangoja wiki kadhaa. Ofisi nyingi zina njia ya kutanguliza fedha kwa mgeni, lakini hawaitumii mpaka aombe, na maandalizi yake huchukua muda. Omba mara tu upokeapo barua ya kukubaliwa.