Huhitaji kujua nota ili kufurahia msimu wa dansi

Ndugu, umeuliza kama msimu ujao wa okestra ya mkoa wenu, uliojengwa wote juu ya muziki wa dansi, utamfaa mtu asiyejua kusoma nota. Utamfaa sana, kwa sababu muziki mwingi wa aina hiyo ulitungwa kwa ajili ya wacheza dansi kabla ya kuhamia kwenye kumbi za watu walioketi. Ikiwa Boléro, kazi ya okestra ya mtunzi Mfaransa Maurice Ravel, imo kwenye ratiba, anza nayo: iliagizwa na mcheza dansi Ida Rubinstein na kuonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1928. Keti mahali unapoweza kumwona mpigaji wa ngoma ndogo, ambaye huanza kwa sauti ya chini mno, viola na selo, ala za nyuzi, zikidonolewa kwa vidole, kisha hurudia mdundo uleule kwa takriban dakika 15 bila kuuharakisha, huku ala nyingine zikizidi kuingia. Kwangu mimi, hakuna kazi ngumu kuliko hiyo jukwaani. Simfoni ya Saba, kazi ndefu ya okestra ya mtunzi Beethoven, nayo usiikose ikiwa imo: haikuandikiwa wacheza dansi, lakini midundo yake inachezeka. Mwaka 1813 wasikilizaji wa Vienna walitaka sehemu yake ya pili irudiwe papo hapo.