Barua kwa mwanangu: hilo tangi liandikwe kwenye mkataba

Malindi, Ijumaa jioni

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti wa jana usiku nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na babako kando. Unasema ile nyumba mpya ya vyumba vitatu mnayoitaka huku kwetu ni shilingi 8,500,000, mmeomba mpunguziwe mkaambiwa haishuki hata senti, kisha yule kijana wa ofisi ya mauzo akawanong'oneza kwamba "kitu cha kuongezewa" kinaweza kupatikana. Ukaniuliza: "Mama, hiyo ni danganya toto, ama kuna kitu cha maana cha kuomba?"

Kipo. Nilishika daftari za hesabu za mjenzi mmoja hapa mjini miaka kumi na miwili, kwa hiyo nitakueleza jambo hili linavyoonekana ukiwa umekaa upande wao wa meza.

Mjenzi anapokataa kushusha bei hafanyi kiburi. Ana nyumba nyingi za kufanana. Akikupunguzia wewe laki nne leo, kesho aliyenunua mlango wa pili atakuja kuuliza mbona yeye alilipa zaidi, na wale ambao hawajanunua wataanzia pale ulipoishia wewe. Mthamini wa benki naye huuliza nyumba za jirani zimeuzwa kwa kiasi gani. Bei ikishaandikwa inamfuata hadi nyumba ya mwisho. Nyongeza kama tangi la maji haimfuati mtu. Tena yeye hanunui tangi kama utakavyolinunua wewe, moja, dukani, na gari la kukodi juu yake. Ananunua kwa jumla, mafundi wako pale pale, mchanga na saruji vimeshamwagwa uwanjani. Kitu kitakachokugharimu wewe laki nzima, yeye humgharimu pungufu ya hapo, na katika tofauti hiyo ndimo mnamoweza kupatana.

Sasa tazama hesabu yenu ninyi, maana hapa ndipo watu wengi hujipunja. Benki inawapa asilimia 80, na ninyi mnatoa 20, yaani 1,700,000. Juu yake kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mali iliyo ndani ya manispaa, yaani 340,000 nyingine. Tuseme mjenzi akubali kushusha laki nne, bei ije 8,100,000. Mchango wenu unapungua kwa 80,000 na ushuru kwa 16,000. Mfukoni mmebakiwa na 96,000 tu. Zile 320,000 zilizobaki zimetoka kwenye mkopo. Kwa riba ya asilimia 14 na miaka 20, hiyo ni kama shilingi 4,000 kwa mwezi, na kwa miaka yote hiyo si pesa ya kudharau. Lakini siku mnayohamia, nyumba isipokuwa na tangi, geti wala nondo za madirisha, hizo laki nne mtazitafuta wapi? Mtakwenda kukopa tena kwenye sako, kile chama chenu cha akiba na mikopo, mkopo juu ya mkopo.

Kwa hiyo kama mngelipa taslimu ningekwambia ng'ang'ania bei mpaka mwisho. Kwa kuwa mnakopa, na najua akiba yenu ilivyo baada ya karo za watoto, omba bei kwanza kwa heshima, wakikataa mara ya pili hamia kwenye nyongeza na uziombe kwa ukamilifu. Usione haya. Anayenunua nyumba hafanyiwi hisani.

Ila chagua nyongeza ambazo mngezinunua kwa lazima mwezi wa kwanza. Kijana atawapa televisheni ya ukutani, mapazia, friji. Mshukuru, umwambie thamani ya vitu hivyo aihamishie kwenye maji.

Maji, mwanangu, ndiyo ya kwanza. Unajua maji yetu ya mfereji yanatoka Baricho, kandokando ya Mto Sabaki, na unajua siku yakikatika mji unavyokuwa. Kisima karibu na bahari ni chumvi, hakipiki chai. Omba birika la chini la kuhifadhia maji, tangi la juu la lita 5,000, mnara wa zege na pampu ya kupandishia. Usikubali mnara wa chuma. Pale nyuma ya nyumba yetu kuna mguu wa ule mnara wa kwanza, nimeuacha makusudi. Ukiugusa kwa kidole unamenyuka kama ganda la kitunguu, tabaka la kahawia juu ya tabaka, na ndani ni unga mtupu. Hiyo ni kazi ya upepo wa bahari. Kwa sababu hiyo hiyo nondo za madirisha na geti viwe vya chuma kilichochovywa zinki kabla ya rangi, na fremu za madirisha ziwe za alumini. Mjenzi akiwa bado hajazifunga, kubadilisha ni tofauti ndogo ya bei. Akishazifunga, ni kubomoa.

Halafu mwombe baraza. Babako amecheka niliposema, lakini nimesema kwa dhati. Nilipoona picha ulizonitumia, mlango wa mbele unafunguka moja kwa moja kwenye saruji ya kuegesha gari, hakuna pa kumkaribisha mgeni ambaye si wa kuingia ndani. Baraza ni mawe machache na mifuko kadhaa ya saruji, kazi ya fundi ya siku mbili. Juu yake wawatolee paa dogo, maana mlango unatazama kusini, na kusi likileta mvua ya masika maji yatawaingia hadi sebuleni.

Yule kijana pia atakwambia watawalipia wakili. Sikiliza vizuri ni wakili gani. Akiwa ni wakili wao, kataa, maana hawezi kusimama pande mbili. Wakikubali kulipa ada ya wakili wako mwenyewe, chukua. Na huyo wakili kabla ya jambo lolote aende masijala ya ardhi akatafute hati: imeshagawanywa nyumba kwa nyumba, ama bado ni hati moja ya shamba zima? Ikiwa bado, na mjenzi anadaiwa na benki, tangi halitawasaidia kitu.

Nakuja kwenye lile ninalolitaka kwako kuliko yote. Ulikuwa darasa la saba tulipohamia nyumba hii. Unaikumbuka ile mitungi ya manjano ya lita ishirini, na wewe ukiisukuma kwa mkokoteni pamoja na kakako kabla ya shule? Tulikuwa tumeahidiwa tangi. Meneja mwenyewe alisimama pale jikoni, akaweka mkono kifuani, akasema, "Mama, hilo niachie mimi." Nikamwachia. Mimi, niliyeandika daftari za watu mchana kutwa! Tulipokuja kupewa funguo meneja alikuwa ameshahamia kazi nyingine, na aliyeshika nafasi yake akafungua mkataba, akaupitia ukurasa kwa ukurasa mbele yangu, akaniuliza, "Tangi liko wapi hapa?" Halikuwapo. Miezi kumi na mmoja mlichota maji. Nilikuwa nikiwatazama mkirudi na viatu vya shule vimelowa, nikinyamaza kwa sababu kosa lilikuwa langu, na mpaka leo nikiiona mitungi ile kwa jirani moyo hunishika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Kenya nayo inataka mkataba wa kununua ardhi uwe wa maandishi, wenye saini na shahidi. Maneno ya jikoni hayasimami. Kila nyongeza iingie kwenye mkataba wenyewe wa mauzo, na isiandikwe "tangi" tu. Iandikwe tangi la lita ngapi, juu ya mnara wa nini, wa urefu gani, pampu ya aina gani, na kwamba vyote vitakuwa vimefungwa na vinafanya kazi kabla ya malipo ya mwisho. Hapo kwenye malipo ya mwisho ndipo nguvu yenu ilipo. Kwa kawaida mtatoa asilimia 10 mkitia saini, na salio wakati wa kukamilisha. Salio likishatoka, simu hazishikwi.

Muda wa kurekebisha kasoro nao uandikwe. Mara nyingi huwa miezi 6. Waombe 12, ili masika moja kamili ipite juu ya paa hilo mkiwa bado na haki ya kuwaita. Hiyo haiwagharimu kitu ikiwa wamejenga vizuri, na wakiikataa kwa ukali utakuwa umejifunza jambo.

Usikimbilie kutia saini wiki hii kwa sababu yule kijana amekuambia kuna mnunuzi mwingine. Watalii wameshaondoka, mji umepoa, na nimepita pale jana jioni: nyumba nne bado zina karatasi kwenye vioo. Kila mwezi zinapokaa tupu mjenzi analipa riba ya benki yake.

Jumamosi ijayo mkija nitakwenda nanyi, na mjomba wako fundi bomba amekubali kufuatana nasi. Nitabeba ndoo. Tutamwaga maji sakafuni bafuni tuone yanaelekea kwenye tundu au yanarudi mlangoni, na tutafungua mifereji yote kwa pamoja. Wewe beba chaja ya simu, uijaribu kwenye kila soketi. Mkwe wangu apande darini. Na rasimu ya mkataba wakikutumia kabla ya siku hiyo, nipigie unisomee kile kipengele cha tangi, neno kwa neno.

Mamako