Hiyo D: yako itafutwa pamoja na C:

Kabla hujagusa kitu kingine chochote, ndugu, chomoa hiyo flashi ya kusakinishia. Umeeleza kwamba kompyuta yako haikidhi masharti ya Windows 11, kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kesho unakusudia kuiondoa na kuweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Kisha ukauliza kuhusu Wi-Fi, kuhusu printa, kuhusu toleo jepesi linalofaa mashine yenye RAM ya GB 4, na iwapo hati zako za Word zitafunguka. Katikati ya maelezo hayo, kwa kupitia tu, umeandika kwamba nyaraka zako zote umeshazihamishia D: na kwa hiyo upande huo huna wasiwasi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi unyasi wako nimeuona. Maneno hayo hayo niliyasema mwenyewe mwaka 2020, nikiwa na uhakika kama huo ulio nao leo.

C: na D: ni herufi tu ambazo Windows huzipa sehemu za kuhifadhia, na katika kompyuta mpakato nyingi za zamani sehemu hizo mbili zimekatwa kutoka diski moja, kama vyumba viwili vya nyumba moja. Linux haizitambui herufi hizo. Kisakinishi chake kitakuonyesha diski kwa jina kama sda, na ndani yake sda1, sda2 na sda3. Nawe ukichagua kufuta diski na kusakinisha, kinachobomolewa ni nyumba nzima, pamoja na chumba ulichorundikia mizigo yako ili isidhurike.

Yangu ilikuwa Windows 7, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 14 Januari 2020. Nilimfuata mwalimu mmoja wa video, mtu mwenye sauti tulivu na kipaza sauti kizuri, ambaye alisema, bila hata kupepesa macho, kwamba kila kitu kihamishiwe D: kwa sababu D: haiguswi. Baadaye, nilipoitazama video hiyo tena kwa hasira, nikiisimamisha kila baada ya sekunde chache, niliona jambo ambalo mara ya kwanza lilinipita: kwenye skrini yake kulikuwa na sda na sdb. Bwana yule alikuwa na diski mbili ndani ya kompyuta ya mezani, D: yake ikiwa diski ya pili kabisa, naye akatufundisha sisi wenye diski moja kana kwamba sote tuna mbili. Nilimwandikia nikamweleza yaliyonipata. Alinijibu kwa alama ya dole gumba. Sijui hadi leo kama alikuwa ananipa pole au ananipongeza.

Nakiri kwamba kisakinishi chenyewe hakikunificha kitu. Katika Windows nilizoea kuona C: yenye GB 120 na D: yenye GB 345, na ukurasa wa kisakinishi uliniandikia waziwazi kwamba kinachokwenda kufutwa ni diski ya GB 500. Kama ningejumlisha tu, ningepata 465, ambayo ndiyo namna Windows inavyoihesabu diski ile ile inayouzwa kwa jina la GB 500, na ningeelewa mara moja kwamba D: imo ndani. Wakati huo nilikuwa mhazini wa kikundi chetu. Mhazini ambaye hakujumlisha namba mbili! Kikaja kisanduku cha onyo kikiorodhesha sehemu zitakazobadilishwa, nikakisoma kama watu wote wanavyosoma visanduku vya onyo, yaani nikatafuta kitufe cha kuendelea.

Kosa la pili ndilo lililogharimu zaidi, kwa sababu la kwanza lingeweza kurekebishwa kwa kiasi kikubwa. Usakinishaji ulipokwisha sikwenda kutafuta faili zangu. Nilikaa kuanzia adhuhuri hadi jioni nikifurahia mashine ilivyokuwa nyepesi: nikapakua masasisho yote, nikaweka programu za picha na za muziki, nikabadilisha mandhari ya skrini mara tatu. Sikujua kwamba kuumbiza diski upya kwa njia ya haraka, jinsi kisakinishi kinavyofanya, hakufuti data yote palepale. Huandika mpangilio mpya wa faili juu yake, na data ya zamani hubaki chini hadi kitu kingine kiandikwe mahali pake. Kila nilichokipakua alasiri ile kilikuwa na nafasi ya kuangukia juu ya daftari la hesabu za kikundi. Jioni nikafungua kidhibiti faili ili nitafute D:, nikaona diski moja tu, karibu tupu, na folda mpya kabisa zenye majina ya Nyaraka, Picha na Muziki. Nilizifungua zote, moja baada ya nyingine, kana kwamba faili zilikuwa zimejificha kwa aibu.

Hapo nikaongeza la tatu. Nilisoma kwamba kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec inayoweza kufukua faili zilizopotea, nikaisakinisha kwenye diski ile ile, na kile ilichokifukua nikakihifadhi kwenye diski ile ile, ingawa maelekezo yake yanaonya dhidi ya jambo hilo. Ilinirudishia maelfu ya faili katika folda zinazoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, kila faili likiwa na herufi f na mfuatano wa tarakimu, bila jina lake la asili. Ilinichukua siku tatu za usiku kufungua moja moja. Nilipata picha nyingi, nyingine zimekatika nusu na chini yake pana rangi ya kijivu. Majedwali ya hesabu nilipata mawili, yote ya mwaka wa kwanza. Sasa jaribu wewe kusimama mbele ya wanachama uwaeleze kwamba vitabu vya fedha vimefutwa na pengwini, yule ndege wa nembo ya Linux. Fedha zilikuwepo zote, lakini ilinilazimu niombe stakabadhi kwa kila mmoja na kuijenga hesabu upya, na wapo ambao mpaka leo wakikutana nami huulizia habari za pengwini.

Mimi angalau nilikuwa na diski ya zamani ya kuzunguka. Kama yako ni SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, usitegemee hata hayo mabaki, kwa kuwa kuna amri iitwayo TRIM inayoiarifu diski kwamba nafasi fulani haitumiki tena, nayo diski huisafisha yenyewe. Baada ya hapo programu za kufukua hukuta patupu.

Ninachokuomba ukifanye kabla ya jambo lingine lolote ni hiki: nakili faili zako kwenye diski ya nje, ichomoe, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na huko uzifungue. Usiishie kuyaona majina yake. Fungua hati mpaka ukurasa wa mwisho, cheza video dakika kadhaa, fungua picha chache kutoka folda mbalimbali. Nasisitiza kompyuta nyingine kwa sababu ndugu yangu mmoja, niliyemwonya kwa habari hii hii, alinakili kila kilichokuwa kwenye skrini yake ya mwanzo akaja kuniambia amemaliza. Tulipoichomeka diski kwenye kompyuta yangu tukakuta njia za mkato tupu, kila moja ya KB 2, zikielekeza kwenye faili ambazo hazikuwepo. Kwenye kompyuta yake zilikuwa zinafunguka vizuri kabisa. Ukisharidhika, iache hiyo diski ya nje ikiwa imechomolewa muda wote wa kusakinisha, ili hata ukikosea kuchagua isiwepo kwenye orodha. Wala usiweke nakala hizo kwenye flashi utakayotumia kusakinishia Mint, maana programu za kuandalia flashi za aina hiyo kwa kawaida huifuta yote kwanza.

Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga data kwa ufunguo wa siri, andika pembeni ule ufunguo wa kurejeshea wenye tarakimu 48 kabla hujabadilisha mipangilio ya kuwasha kompyuta, kwani inaweza kukudai ufunguo huo siku utakapotaka kurudi Windows kuchukua ulichosahau.

Kuhusu Wi-Fi, flashi hiyo hiyo itakujibu: ukiwasha kompyuta kupitia flashi, Mint hufunguka na kufanya kazi bila kusakinisha chochote kwenye diski, na hapo utaona kama mtandao unakamatika. Lakini usifike huko leo, na ukifika, ile alama ya kusakinisha iliyo kwenye skrini usiibofye hata kwa kuijaribu.

Kwa sasa bado uko ndani ya Windows, kwa hiyo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua usimamizi wa diski, na utazame sehemu ya chini ya dirisha. Kila diski halisi ina mstari wake, wa kwanza ukiwa na namba 0. Niandikie kama C: na D: ziko kwenye mstari mmoja au kwenye mistari miwili, na kama ile diski ya nje unayo au itabidi uazime.